Kumi na Moja Mbele ya Kumi na Tisa

Wengi wape. Msemo huu tumeusikia tangu utotoni, na sidhani kama upo mwingine unaoeleza kwa ufupi zaidi jinsi tunavyoielewa demokrasia. Watu hukutana chini ya mwembe kuamua jambo, wakagawanyika, na upande wenye vichwa vingi ndio unaobeba neno. Upande wenye vichwa vichache hunyamaza, au huondoka ukinung'unika. Lakini historia ya Kenya ina mwaka mmoja ambapo wengi walipewa wakakataa kupokea, na wachache wakapokea. Mwaka huo ulianza Aprili 1961 ukaisha Aprili 1962, wakati Kenya ilipokuwa bado koloni la Waingereza lakini imekwisha kuuona mlango wa uhuru kwa mbali.

Vitabu vya shule huupita mwaka huo mbiombio. Huandika mstari mmoja au miwili kwamba chama cha KADU kiliunda serikali kwa msaada wa walowezi, kisha hukimbilia kwenye Madaraka na Uhuru, bendera ikapandishwa, watu wakashangilia. Kwa miaka mingi jina la KADU lilitajwa kama vile mtu anavyomtaja ndugu aliyeaibisha ukoo. Mimi naona tumeupita upesi mno. Mwaka ule una mafunzo ambayo Kenya ilihitaji nusu karne kuyasoma, na baadhi yake ingali inayasoma.

Tuanze na hesabu, kwa sababu hadithi nzima ni hadithi ya hesabu. Mapema mwaka 1960 viongozi wa Kenya waliitwa London, katika jumba la Lancaster, wakazungumze juu ya katiba mpya. Waziri wa Makoloni alikuwa Iain Macleod. Mkutano ule ulikubali, kwa mara ya kwanza, kwamba Waafrika wawe wengi katika Baraza la Kutunga Sheria. Viti vya kuchaguliwa vilikuwa 65. Kati ya hivyo, 53 vilipigiwa kura na wananchi katika maeneo yao, na 12 vilijazwa na wale waliokwisha kuchaguliwa. Katika vile 53, viti 33 vilikuwa vya wazi na 20 vilitengwa: 10 vya Wazungu, 8 vya Waasia na 2 vya Waarabu. Mpiga kura alitakiwa awe anajua kusoma na kuandika lugha yake, au awe amevuka umri wa miaka 40, au awe na cheo au kipato fulani. Haikuwa bado kura ya kila mtu, lakini ilikaribia.

Waafrika walipojua kwamba nchi inawajia, waligawanyika. KANU ilizaliwa Kiambu kati ya Machi na Mei 1960, na nguvu yake kubwa ilikuwa miongoni mwa Wakikuyu na Wajaluo. Rais wake wa muda alikuwa James Gichuru, makamu wake Oginga Odinga, na katibu mkuu wake Tom Mboya. Mwezi Juni mwaka uleule, huko Ngong, kikazaliwa chama cha pili, KADU. Hiki kiliunganisha vyama vidogo vya Wakalenjin, Wamaasai, Waluhya wa upande wa Masinde Muliro, na watu wa Pwani. Rais wake alikuwa Ronald Ngala, mwalimu kutoka Pwani, Mgiriama, mmoja wa Waafrika wanane wa kwanza kuingia katika Baraza kwa kura mwaka 1957. Pamoja naye walikuwa Muliro, Daniel arap Moi na Justus ole Tipis.

Mtu akiuliza kilichowatenganisha, jibu fupi ni ardhi. Nyanda za juu zilizoshikwa na walowezi zilikuwa karibu kuachwa. Nani atazirithi? Wamaasai na Wakalenjin walikumbuka kwamba sehemu kubwa ya ardhi ile ilikuwa malisho yao kabla mlowezi hajafika. Wakikuyu walikuwa na watu wengi, wengine wamefanya kazi katika mashamba yale maisha yao yote, na njaa yao ya ardhi ilijulikana na kila mtu. Watu wa makabila madogo walijiuliza: mkoloni akiondoka na nchi ikaendeshwa kwa kuhesabu vichwa tu, nani atatusikia? Hofu ile haikutungwa na Wazungu, ingawa wapo Wazungu walioifurahia. Ilikuwa hofu ya kweli ya watu wa kweli.

Uchaguzi ulifanyika Februari 1961. Neno lililotawala mikutano ya KANU lilikuwa Uhuru na Kenyatta. Jomo Kenyatta alikuwa amekamatwa Oktoba 1952, akahukumiwa Kapenguria mwaka 1953 kifungo cha miaka saba, na alipokimaliza hakurudishwa nyumbani, bali alizuiliwa Lodwar, katika joto na vumbi la kaskazini. Gavana, Sir Patrick Renison, alikuwa amemwita hadharani mwaka 1960 kiongozi wa kuwapeleka watu gizani na mautini. Ni maneno ambayo Gavana yule bila shaka alitamani baadaye asingeyatamka.

Kura zilipohesabiwa, KANU ilikuwa na viti 19 na KADU viti 11. Kwa idadi ya kura pengo lilikuwa kubwa zaidi: KANU ilipata kiasi cha kura 67 katika kila 100, na KADU kiasi cha 16 tu. KADU ilisaidiwa na ukweli kwamba maeneo yake mengi yalikuwa mapana yenye watu wachache, ambako kiti kimoja hakikuhitaji kura nyingi. Kwa kipimo chochote, walioshinda walijulikana.

Lakini KANU ilikuwa imeapa mbele ya wapiga kura wake kwamba haitaunda serikali Kenyatta akiwa kizuizini. Gavana naye alisema hatamwachilia mpaka serikali iundwe na aone inavyofanya kazi. Kila mmoja akashika ncha yake ya kamba. Mwezi Machi viongozi wa vyama vyote viwili walisafiri pamoja hadi Lodwar kumwona mzee, na wote, KADU pia, walidai aachiliwe. Gavana hakusogea. Ndani ya KANU kwenyewe hawakuwa wote na msimamo mmoja: wapo waliofikiri kwamba ni afadhali kuingia serikalini na kumfungua Kenyatta kutoka ndani. Lakini ahadi iliyotolewa hadharani ni mzigo usiotulika njiani, na wale waliotaka kuutua walijua wenzao watawaita wasaliti.

Hapo ndipo Gavana alipomgeukia Ngala.

Ninaomba msomaji asimame kidogo hapa, ajiweke mahali pa mtu yule. Una viti 11. Mpinzani wako ana 19, naye amekataa. Ukikataa na wewe, Gavana ataendelea kutawala peke yake kwa amri, kama ilivyokuwa siku zote, na mlango uliofunguka nusu unaweza kufungwa tena. Ukikubali, utaitwa kibaraka. Wengi waliokuja kumhukumu Ngala walifanya hivyo wakiwa tayari wanajua mwisho wa hadithi. Yeye hakuujua.

Alikubali, lakini aliweka sharti. Serikali ya kikoloni ilikubali kwamba nyumba ya Kenyatta ianze kujengwa Kiambu, kwao, iwe tayari kwa siku ya kurudi kwake. Sharti hilo lilionekana dogo, hata la kuchekesha. Watu wanadai mtu wao afunguliwe, wewe unaleta habari za mawe na mabati! Hata hivyo nyumba haijengwi kwa ajili ya mtu atakayebaki Lodwar. Mara msingi ulipochimbwa, swali la kama Kenyatta atarudi lilikuwa limekwisha. Lililobaki ni la lini.

Kwa hiyo Aprili 1961 KADU iliunda serikali. Ngala hakuitwa Waziri Mkuu, kwa kuwa cheo hicho kilikuwa hakijaanzishwa Kenya. Aliitwa Kiongozi wa Shughuli za Serikali. Moi akapewa Wizara ya Elimu. Gavana ndiye aliyeendelea kukaa kwenye kiti cha mbele cha Baraza la Mawaziri, na maofisa wake walibaki na mambo ya sheria na usalama. Na kwa kuwa watu 11 hawawezi kupitisha hata mswada mmoja katika Baraza la watu zaidi ya 60, ilibidi watafute wa kuwabeba.

Waliowabeba walikuwa wa aina tatu. Kwanza, kundi la Wazungu la Michael Blundell, mlowezi aliyeamini kwamba Mzungu anayetaka kubaki Kenya lazima akubali kutawaliwa na Mwafrika. Blundell alikuwa ameona moto katika uchaguzi ule. Mgombea wa kiti kilichotengwa alipaswa kwanza kupata angalau robo ya kura za watu wa rangi yake, ndipo apigiwe kura na watu wote. Wazungu wenzake walimwona msaliti, akapita hatua ile ya kwanza kwa shida, kisha kura za Waafrika zikamwingiza. Pili, walikuwapo wajumbe wa Kiasia. Tatu, na hapa ndipo kidonda kilipo, Gavana alitumia uwezo wake kuteua wajumbe wengine wa kuongeza idadi ili serikali isianguke.

Nguo ya kuazima haisitiri maungo. Serikali ya Ngala ilisimama, lakini kila mtu aliyeitazama aliona miguu haikuwa yake. Ilipotoa hoja nzuri, watu waliuliza ni Mzungu gani aliyeiandika. Ilipotoa hoja mbaya, hawakuuliza.

Nadhani hii ndiyo tabia ya kila serikali ya wachache, popote inapokuwa. Serikali yenye wengi inaweza kuamka asubuhi ikafikiri juu ya barabara na shule. Serikali ya wachache huamka ikihesabu vichwa. Nani anaumwa leo? Nani amekasirika? Fulani akitaka daraja katika eneo lake, tumwambie nini? Inaishi kwa hisani ya watu ambao hawakuichagua, na kila hisani ina bei yake. Katika nchi zilizozoea mambo haya bei hulipwa kwa mikataba iliyoandikwa. Katika Kenya ya mwaka 1961 bei ililipwa kwa heshima. KADU ilionekana imeuza jina lake ili inunue muda.

Na majirani walikuwa wakitazamwa. Tanganyika ilipata madaraka Mei 1961 na uhuru tarehe 9 Desemba mwaka huohuo. Huko hesabu ilikuwa rahisi, kwa sababu TANU ya Julius Nyerere ilikuwa imechukua viti 70 kati ya 71. Mkenya aliyekaa Mombasa au Nairobi aliwaona jirani zake wakipandisha bendera, yeye bado anabishana na Gavana juu ya nyumba ya mzee mmoja. Lakini Kenya haikuwa peke yake katika matatizo. Uganda, uchaguzi wa Machi 1961 uliiweka madarakani Democratic Party ya Benedicto Kiwanuka, ingawa UPC ilipata kura nyingi zaidi nchini, kwa sababu Buganda ilisusia na wachache waliojitokeza huko wakampa Kiwanuka viti karibu vyote. Zanzibar, uchaguzi wa Januari ulitoka viti 10 kwa 9 kwa 3, na kile chama chenye viti 3 kikagawanyika hata pande zikawa sawasawa, 11 kwa 11. Uchaguzi ukarudiwa Juni na damu ikamwagika, watu 68 wakafa. Mwaka 1961 ulituonyesha Waafrika Mashariki kwamba kuhesabu kura ni kazi nyepesi; kazi nzito ni kukubaliana kile ambacho hesabu ile inampa mtu, na kile ambacho haimpi.

Turudi kwa Ngala. Serikali yake ilifanya nini? Katika mwaka ule nchi ilipigwa na ukame, kisha mafuriko makubwa, na kuwalisha watu ikawa kazi ya kwanza ya serikali yoyote, iwe na wengi au wachache. Mipango ya kununua mashamba ya walowezi na kuwagawia Waafrika ilianza kuchukua sura. Waafrika waliingia wizarani, wakajifunza mafaili yanavyotembea na mahali yanapofichwa. Haya si mambo ya kuimbiwa nyimbo, lakini ni mambo.

Jambo kubwa lilitokea Agosti 1961. Kenyatta aliachiliwa, akafikishwa Gatundu, kwenye nyumba ile. Umati uliokwenda kumpokea ulikuwa kama bahari. Serikali iliyokuwa madarakani siku ile ilikuwa ya KADU. Wachache ndio waliokaa kitini wakati mzee wa wengi aliporudi nyumbani.

Hapa wapo watakaosema kwamba hakuachiliwa na KADU bali na umma, kwa sababu umma ulikataa kunyamaza. Ni kweli. Bila kukataa kwa KANU, Gavana asingeona haja ya kuharakisha. Lakini na hili pia ni kweli: kukataa peke yake kulikuwa kumefika ukutani. Ilihitajika mikono miwili, mmoja wa kusukuma mlango kutoka nje na mwingine wa kuinua komeo kutoka ndani. Aliyesukuma alipata sifa. Aliyeinua komeo alipata lawama. Dunia ndivyo inavyogawa.

Wiki zilizofuata Kenyatta alijaribu kukaa juu ya vyama vyote viwili. Aliwaketisha KANU na KADU mezani watafute serikali moja. Mazungumzo yalivunjika. Mwishoni mwa Oktoba alikubali kuwa rais wa KANU. Kulikuwa na sheria iliyomzuia mtu aliyewahi kufungwa zaidi ya miaka miwili asiingie katika Baraza. Kizuizi hicho kikaondolewa. Kariuki Njiiri akajiuzulu kiti chake cha Fort Hall, yaani Murang'a, na Januari 1962 Kenyatta akaingia katika Baraza bila kupingwa, akaketi upande wa upinzani, akiwatazama watu walioongoza serikali iliyomruhusu aingie.

KADU iliona saa yake inakwisha. Mtu anayejua kwamba atatoka nyumbani hufikiria atabeba nini. Kuanzia mwezi Septemba na Oktoba 1961 viongozi wake walikuwa wameanza kusema neno moja ambalo halijatoka tena katika siasa za Kenya: majimbo. Nchi igawanywe katika sehemu, kila sehemu iwe na baraza lake, na mambo ya ardhi, polisi na shule yasiamuliwe na Nairobi peke yake. Peter Okondo alikuwa miongoni mwa walioitengeneza fikra hiyo, na wakati wa mkutano wa pili wa Lancaster chama kilimtumia mshauri kutoka Uswisi, nchi ndogo iliyogawanyika katika sehemu nyingi na bado ikabaki nchi moja.

Sasa tumefika kwenye kiini cha ninayotaka kusema. Swali lililoulizwa na KADU lilikuwa swali zuri. Katika nchi ya makabila mengi, ambayo mawili au matatu yakiungana yanaweza kushinda kila uchaguzi, wachache watalindwa na nini? Kusema wengi wape hakutoshi. Wapewe nini? Wapewe serikali, sawa. Je, wapewe na shamba la jirani? Wapewe na shule yake, na lugha yake, na kaburi la babu yake? Kila demokrasia lazima ijibu hilo, na ile isiyojibu kwa sheria hujibu kwa mapanga.

Lakini swali lile zuri liliulizwa kutoka kiti kibaya. Lilitoka katika vinywa vya watu waliokuwa wakibebwa na walowezi na wateule wa Gavana. Mlowezi naye alikuwa wachache, tena wachache wenye mashamba makubwa, na yeye pia alitaka kulindwa. Basi mwananchi wa kawaida alipolisikia neno majimbo, pua yake ilinusa mlowezi. Akaona ni njia ya kuigawa nchi ili mali ya watu wachache isiguswe. Hoja na mwenye hoja vikachanganywa kapu moja, na vyote viwili vikatupwa. Hiyo ndiyo hasara kubwa niionayo katika serikali ya Ngala. Kutawala ikiwa na watu wachache kulikuwa na mwisho wake. Kulitumia deni lile kusemea jambo la haki, hata haki yenyewe ikaonekana ya mkopo, kuliacha athari ya miaka mingi.

Mkutano wa pili wa Lancaster ulianza Februari 1962 ukaisha Aprili. Ukazaa serikali ya mseto, ambamo Kenyatta na Ngala waliketi pamoja, wote wawili mawaziri wa nchi wenye dhamana ya mambo ya katiba. Serikali ya wachache ilikuwa imekwisha, bila kura ya kutokuwa na imani na bila kelele. Uchaguzi wa Mei 1963 uliipa KANU ushindi usio na shaka, viti 83 katika Baraza la Wawakilishi dhidi ya 33 vya KADU. Majimbo yaliingia katika katiba ya uhuru, pamoja na Baraza la Seneti la watu 41. KADU ikaongoza mabaraza ya majimbo ya Pwani na Bonde la Ufa. Lakini katiba inayolindwa na wasioiamini ni kama nyumba inayolindwa na mwenye kiberiti. Fedha hazikufika, madaraka hayakukabidhiwa, na wajumbe wa KADU wakaanza kuvuka sakafu mmoja mmoja.

Novemba 1964 KADU ilijivunja yenyewe na kuingia KANU. Mwezi uliofuata Kenya ikawa jamhuri, na majimbo yakageuzwa mikoa. Seneti ikaunganishwa na Baraza la Wawakilishi mwaka 1966. Walioutaka ulinzi wa sheria waliamua kutafuta ulinzi wa kukaa karibu na mfalme. Ngala akawa waziri, akafa Desemba 1972 kutokana na ajali ya barabarani. Moi akawa Makamu wa Rais mwaka 1967 na Rais mwaka 1978. Muliro alibaki na ulimi wake, akarudi katika upinzani miaka ya 1990, akafariki Agosti 1992.

Yaliyomtokea Moi yanafaa kutafakariwa na kila mtu anayependa siasa. Yule aliyekuwa na hofu ya wengi mwaka 1961, alipopata dola yote hakuigawa. Mwaka 1982 Kenya ikawa nchi ya chama kimoja kwa sheria. Na vyama vingi vilipodaiwa, mwaka 1991, neno majimbo likafufuliwa katika mikutano ya Bonde la Ufa, lakini safari hii halikuwa na mshauri wa Uswisi. Lilikuwa na maana ya kwamba wageni waondoke. Nyumba zikachomwa, watu wakauawa, maelfu wakalala makanisani na kando ya barabara. Swali zuri la mwaka 1961 lilikuwa limeozea kifuani miaka thelathini, na lilipotoka lilitoka na usaha.

Ilibidi Wakenya wapite katika mambo mengi mengine, pamoja na umwagaji damu wa baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, ndipo wakae wayaandike upya. Katiba iliyopitishwa na kura ya wananchi Agosti 2010 iliunda kaunti 47, ikairudisha Seneti, na ikaweka kwamba angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa ziende kwa serikali za kaunti. Uchaguzi wa kwanza chini yake ulifanyika Machi 2013. Hayakuitwa majimbo, kwa sababu neno lile lilikuwa limechafuka, yaliitwa ugatuzi. Wala si kitu kilekile. KADU ilitaka sehemu chache kubwa zenye kufuata makabila, na kaunti ni nyingi na ndogo. Lakini swali ni lilelile: mtu wa Turkana, wa Lamu, wa Tana River, ambaye watu wake hawatashinda uchaguzi wa taifa peke yao hata siku moja, anapewa nini katika nchi hii?

Simwiti Ngala shujaa, na sidhani mwenyewe angependa kuitwa hivyo kwa sababu ya mwaka ule. Alikubali kiti ambacho hakikuwa chake kwa hesabu, akakikalia kwa msaada ambao ungemchafua yeyote. Lakini wanaomwita kibaraka wanasahau nyumba ya Gatundu. Kibaraka hujenga nyumba ya bwana wake. Yeye alijengesha ya mpinzani wake, akijua kwamba mwenye nyumba akirudi, serikali yake imekwisha.

Wengi wape, ndiyo. Wahenga hawakukosea. Ila waliousema msemo ule waliishi katika vijiji ambako walioshindwa leo walikuwa shemeji, wajomba na majirani wa walioshinda, na kesho wangekutana kisimani. Hawakuhitaji kuongeza kwamba wachache nao wasinyang'anywe, kwa sababu kila mtu alilijua hilo. Dola haina kisima. Kwa hiyo lazima iliandike.